Minyoo ya sungura: tazama choo kabla hujanunua dawa

Vijiuzi vyeupe, vyembamba, urefu wa nusu sentimita hadi sentimita moja, vinajinyonganyonga juu ya choo kibichi cha sungura. Hao ndio minyoo ninaoletewa mara nyingi kuliko wengine wote. Huja ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwenye karatasi ya daftari, na mara nyingine kwenye kiganja kitupu cha mtoto. Mie nasomesha bayolojia skuli ya sekondari hapa Wete na nafuga sungura nyuma ya nyumba. Kwa sababu ya mambo hayo mawili, mtaa mzima umeshaamua kuwa mie ni daktari wa sungura. Siye. Daktari wa mifugo yupo ofisi ya mifugo ya wilaya, na humu nitakwambia wapi uache kunisikiliza mie ukamfuate yeye.

Mnyoo huyo jina lake la kitaalamu ni Passalurus ambiguus. Hukaa kwenye utumbo mpana wa sungura na katika ule mfuko mkubwa ulio baina ya utumbo mwembamba na mpana. Sungura mzima mwenye afya anaweza kuwa nao wengi na bado akala, akaruka na akazaa. Wakizidi ndipo huwashwa nyuma: hujilamba na kujing'ata chini ya mkia mpaka manyoya yananyonyoka, na wale wadogo hawachukui mwili. Kwa hiyo ukiwaona leo usiku, funga banda ukalale. Duka la dawa litafunguliwa kesho.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu huwakimbilia hao vijiuzi na kuwaacha wauaji wenyewe. Sungura wanaokufa hapa kwetu "kwa minyoo", nikiuliza vizuri, wengi walikuwa wadogo walioachishwa ziwa karibuni na wakaharisha maji, au walikuwa na funza wa nzi, au walipewa dawa isiyokuwa yao.

Sungura ana choo cha aina mbili

Asiyelijua hili atatibu ugonjwa usiokuwepo. Choo cha kwanza ni zile gololi kavu unazozikuta chini ya banda kila siku. Cha pili ni laini, kinang'aa, kina harufu kali, na kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Kwa kawaida hukioni kabisa, kwani sungura hukiinamia na kukila papo hapo kinapotoka, zaidi usiku na alfajiri. Usimzuie wala usimtie adabu. Ndani yake mna vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni mwake, na sungura asiyekila hudhoofu.

Hapo hapo ndipo minyoo wanapopata njia ya kurudi. Mayai yao hutoka na choo na hubaki kwenye ngozi na manyoya ya sehemu ya nyuma. Sungura anapoinama kula choo chake laini, au anapojilamba, huyameza tena. Utamjengea banda la sakafu ya waya, gololi zote zianguke chini, na bado atajiambukiza mwenyewe kila siku. Ndiyo maana dawa ya mara moja, bila kusafisha nyuma yake na pale anapolala, huwapunguza tu kwa muda.

Sasa kile choo laini ukikikuta kimeachwa sakafuni, au kimegandana kwenye makalio, jirani atakwambia, "Huyo anaharisha, ana mchango." Mara nyingi hana minyoo yoyote. Ameshiba pumba akakiacha, au amenenepa hata mdomo haufiki nyuma. Sungura wetu hulishwa kila kinachobaki jikoni: ukoko wa wali, mkate, ndizi mbivu, na nimeshamwona aliyewekewa boko boko siku ya Sikukuu. Punguza pumba, acha mkate, mjazie ukoka na majani, na baada ya siku chache choo kitarudi kawaida bila senti ya dawa.

Kuharisha kwa kweli ni kwingine. Choo ni maji au ute, kinanuka vibaya, gololi hazipo kabisa, tumbo limejaa, naye amejikunyata pembeni na anasaga meno. Huyo asubiri kesho? La. Na sungura yeyote ambaye hajala kitu tangu asubuhi hadi jioni ni mgonjwa wa dharura, awe na minyoo au asiwe nayo, maana tumbo lake likisimama kufanya kazi hufa kwa hilo tu.

Kutafuta kwa macho

Usiku tandika karatasi nyeupe au gunia safi chini ya banda. Ukishasali alfajiri, chukua tochi ya simu ukatazame gololi mpya kabla hazijakauka. Vunja baadhi kwa kijiti. Minyoo hai hujikunja. Nyuzi za majani hazijikunji, na hili huwachanganya wengi kwa sababu nyasi zisizosagika hutoka na choo zikiwa nyeupe vilevile. Kisha mkamate sungura, mtu mmoja amshike mapajani, wewe uinue mkia utazame.

Hivi ndivyo ninavyowatofautisha wanaoletwa. Vijiuzi vyembamba vyeupe ni Passalurus. Vipande bapa, vifupi, mfano wa punje za mchele, ni vya tegu. Kwa sungura wa bandani huwa nadra, lakini akionekana, mpeleke kwa daktari, kwani dawa yake ni tofauti. Wanene, rangi ya maziwa, wenye ncha upande mmoja, wanaotambaa kwenye manyoya yaliyolowa au wamejizika kwenye nyama: hao hawakutoka tumboni hata kidogo. Ni funza wa nzi.

Funza nitawaeleza sawasawa kwa sababu masika hapa Pemba ni msimu wao. Nzi wakubwa wa kijani hutaga kwenye manyoya yenye mkojo au choo, mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na funza huanza kula ngozi. Sungura aliyekuwa akila jana anaweza kufa kesho. Ukimkuta hivyo, hamishia ndani ya nyumba pasipo nzi, toa funza kwa kibano mmoja mmoja, kata manyoya yote machafu, osha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mkaushe vizuri kwa kitambaa, na siku hiyo hiyo umfikishe kwa daktari wa mifugo, kwani wale waliojizika huhitaji dawa na kidonda chake huhitaji matibabu. Usimmwagie mafuta ya taa. Wala usimpulizie ile dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye fipronili. Kwa sungura ni sumu. Na dawa ya minyoo ya kunywa haitawaondoa funza wa nje, usipoteze muda nayo. Kuanzia Machi mpaka Mei mie huinua mkia wa kila sungura kila siku, na watoto nyumbani wamezoea, hiyo ni kazi yao kabla ya kwenda skuli.

Ukipata hadubini

Wengi hamna, najua. Lakini kama una kijana anayesoma sayansi, mwambie amuombe mwalimu wake. Sisi walimu hufurahi sana kupata choo chenye kitu ndani, maana vitabu vinachosha. Chukua gololi kadhaa za asubuhi hiyo. Ziponde kwenye kikombe na maji yaliyokorogwa chumvi mpaka haiyeyuki tena. Chuja kwa chujio la chai ambalo halitarudi jikoni. Jaza kijichupa kwa maji hayo mpaka yafure mdomoni, weka kigae cha kioo juu yake na uache dakika 15 hadi 20. Mayai mepesi huelea na kushika kwenye kioo. Kinyanyue, kiweke juu ya slaidi, tazama kwa ukuzaji wa mara 100.

Yai la Passalurus ni refu, upande mmoja umebonyea kidogo, urefu wake kama maikromita 100. Vitu vya mviringo au umbo la yai, vidogo kuliko nusu ya hapo, vyenye ukuta safi, ni koksidia, hao tutawafikia. Kuna na vitu vingine virefu, vyembamba, vingi ajabu, ambavyo wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kila mwaka huvihesabu kwa furaha wakidhani ni mayai. Ni hamira. Tumbo la sungura lina hamira yake ya asili, haina ubaya wowote, na haitibiwi. Namtajia kila anayeleta majibu ya maabara yenye maneno "nyingi sana": uliza nyingi nini.

Kukosa mayai hakumaanishi hakuna minyoo. Minyoo hawa hawatoi mayai kila wakati kwenye choo. Njia nyingine ni kubandika kipande cha selotepu nyangavu kwenye ngozi ya sehemu ya nyuma, kukibandua, kukibandika kwenye slaidi na kutazama.

Dawa, na kwanza mizani

Dawa inayotumika sana kwa Passalurus ni fenbendazoli. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kwa mdomo, mara moja kwa siku, kwa siku 5. Baadhi ya madaktari hurudia duru ya pili baada ya wiki mbili hivi. Daktari ndiye atakayekata shauri kwa sungura wako, hasa kama ana mimba au ni mdogo. Dawa hii ina usalama mzuri ikipimwa, lakini ikizidi sana au ikitolewa siku nyingi mno inaweza kuudhuru uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa.

Kupima kunaanza na uzito, na uzito haukisiwi kwa jicho, manyoya hudanganya. Mtie sungura kwenye kikapu chenye mfuniko, nenda dukani uombe mizani, pima, kisha pima kikapu kitupu utoe. Muuza unga atalalamika. Nunua kitu kidogo.

Halafu soma chupa. Imeandikwa asilimia 10? Maana yake kila mililita 1 ina miligramu 100. Asilimia 2.5? Mililita 1 ina miligramu 25. Sungura wa kilo 2 anahitaji miligramu 40 kwa siku: mililita 0.4 ya chupa ya kwanza, au mililita 1.6 ya chupa ya pili. Unaona tofauti ilivyo. Jirani akikwambia "mie nilimpa wangu mililita moja na nusu akapona", muulize ilikuwa chupa ipi. Mtoto wa gramu 800 atahitaji miligramu 16, yaani mililita 0.16 ya ile ya asilimia 10. Hiyo huwezi kuipima kwa sirinji kubwa ya ng'ombe wala kwa kijiko. Tafuta sirinji ya mililita 1, itoe sindano, na tikisa chupa vizuri kabla ya kuvuta, kwa sababu dawa hutuama chini na juu hubaki maji.

Kumnywesha: mfunge kwa kanga ya zamani, miguu yote ndani, kichwa nje, akae juu ya meza au mapajani kwa tumbo, si chali. Usimwinue kwa masikio. Pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, pana uwazi usio na meno. Ingiza ncha ya sirinji hapo kwa ubavu, sukuma kidogo, mwache ameze, sukuma tena. Ukimiminia kwa mbele kwa nguvu itaingia kwenye mapafu. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichozidi hakirudi. Na usimfungishe kabla ya dawa wala baada yake. Watu huona mtu akinywa dawa ya minyoo bila kula wakadhani na sungura ni hivyo. Yeye tumbo lake halitakiwi kukaa tupu.

Watibu wote wa banda moja siku moja. Ukimtibu huyo mwenye kujikuna peke yake, wenzake watamrudishia.

Dawa za kuziacha dukani, na za kuziacha nyumbani

Pemba kila nyumba inaijua siku ya dawa za minyoo skuli. Watoto wetu wamekua nayo, na imefanya kazi kubwa. Sasa mtoto hurudi na kidonge alichokificha, au mama anacho kimoja kabatini, na sungura anakatiwa "kipande tu". Kidonge cha albendazoli cha mtoto ni miligramu 400. Kikimwingia chote sungura wa kilo 2, amepata miligramu 200 kwa kilo, mara 10 ya kile kipimo cha fenbendazoli nilichokitaja juu. Na albendazoli yenyewe imeshahusishwa na sungura kuharibika uboho na kufa, tena inadhuru mimba. Robo ya kidonge nayo siipendekezi. Kiache kabatini.

Ivermektini ni dawa nzuri ya upele na utitiri wa masikio. Passalurus haiwaondoi. Kuna duka nililowahi kwenda kuulizia fenbendazoli, muuzaji akanishikilia kuwa sindano moja ya ivermektini inamaliza "kila kinachotambaa". Nilimshukuru nikaondoka. Dawa za maji za ng'ombe na mbuzi zenye levamisoli nazo ziogope. Baina ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi ndogo, na kwa mnyama wa kilo 2 tone moja ni jambo kubwa.

Jikoni napo. Kitunguu thomu kinapendwa kwa minyoo ya kila kiumbe, lakini vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya sungura. Usimpe. Mbegu za papai: nimeulizwa sana. Kipande kidogo cha papai bivu si kitu kibaya siku moja moja, ila mbegu sizitumii, kwani sina kipimo chake kwa sungura na fenbendazoli ninacho.

Na hii ndiyo ninayoirudia mpaka watu wanachoka nami: usimpe amoksilini wala ampisilini ya kunywa. Mtu akiona choo kimeharibika hufungua kapsuli ya mtoto akaikoroga kwenye maji. Dawa hizo huua vijidudu vizuri vya tumbo la sungura, wabaya wakashika nafasi, na sungura akafa kwa kuharisha kulikoletwa na dawa yenyewe.

Koksidia, ambao si minyoo

Hawa ni vijidudu vya chembe moja, hawaonekani kwa macho, na fenbendazoli haiwagusi. Nawaweka humu kwa sababu ndio wanaoitwa "minyoo" na watu waliopoteza watoto wa sungura kundi zima. Wanaoshambuliwa zaidi ni wale wa mwezi mmoja hadi mitatu, hasa wiki za karibu na kuachishwa ziwa: tumbo linajaa, mgongo unabaki mifupa, choo kinakuwa maji, mara nyingine na ute au damu, na kufa ni kwa siku chache. Kuna aina inayokaa kwenye ini. Sungura wa kuchinjwa akipasuliwa utaona ini lina madoa meupe au manjano. Sungura mzima anaweza kuwabeba bila dalili na kuwamwaga kwa watoto.

Dawa zake zipo: za jamii ya salfa, toltrazurili, na amproliamu ambayo wafugaji wa kuku wanaijua vizuri. Kipimo mwache daktari akupe. Mie nitakwambia jambo moja ambalo huharibu kazi. Amproliamu hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, koksidia wakaila wakidhani ndiyo. Ukichanganya maji hayo hayo na unga wa vitamini ambao dukani hupenda kukupa pamoja, umewalisha. Vitamini baadaye, dawa ikiisha.

Banda

Mayai ya koksidia yakitoka na choo hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja au zaidi nje, penye joto na unyevu, ndipo yaive. Joto tunalo mwaka mzima. Unyevu ndio ulio mikononi mwako, na choo cha siku moja kikiondolewa leo hakifiki kesho. Kwa hiyo kazi ya kila siku ni kukwangua na kufagia kwa ufagio wa chelewa, hasa zile pembe ambazo sungura huzipenda, na kutoa kila jani lililolala chini.

Kuosha kwa maji baridi jioni ya masika na kumrudisha sungura kwenye mbao zinazochuruzika ni kuwasaidia koksidia. Siku za mvua mie siloweki banda. Nakwangua kavu, na ubao wa kulalia nina wa akiba, mmoja ndani mwingine nje. Likitoka jua, ubao humwagiwa maji yanayochemka, yaliyotoka motoni sasa hivi, kisha huanikwa mpaka ukauke kabisa. Dawa ya kung'arishia nguo haiwaui mayai ya koksidia, hata ikinuka vipi. Maji ya moto na jua ndivyo vinavyofanya kazi. Wakati huo sungura wawe kivulini penye upepo, si juani pamoja na ubao, kwani joto la juu ya nyuzi 30 humtaabisha na linaweza kumuua.

Chakula kisiwekwe sakafuni. Nimetengeneza susu la waya ubavuni mwa banda, anavuta majani kutoka humo. Maji ni kwenye chupa ya kuning'inia au bakuli zito la udongo lililoinuliwa juu ya tofali, maana bakuli jepesi hulipindua ndani ya saa moja akalala kwenye tope lake.

Majani yachumwe wapi? Si pembeni mwa mtaro, si pale mbuzi wanapofungwa, na si porini wanakopita mbwa koko. Kuna tegu wa mbwa ambaye mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa. Sungura akila nyasi zenye mayai hayo, hupata vifuko vidogo vyenye maji kwenye ini na tumboni. Ukoka nauanika juani mpaka ukauke, kisha natia kwenye gunia darini; masika yakija sihangaiki na nyasi zilizolowa. Samadi ya sungura ni nzuri kwa mchicha na bamia, ila nisingeimwaga kwenye kile kipande ninachokata ukoka wake.

Sehemu ya nyuma ya sungura mwenye Passalurus isafishwe siku za dawa: kitambaa cha maji ya vuguvugu, futa, kausha. Manyoya marefu punguza kwa mkasi. Usimtumbukize kwenye beseni; sungura mwili mzima ukilowa hupata baridi na mshtuko.

Sungura mpya, hata kama umepewa na shemeji yako, akae banda la peke yake, mbali na wengine, wiki mbili kwa uchache. Tazama choo chake muda huo. Kumpa kila sungura dawa kila mwezi "kwa kinga" sioni haja. Tazama choo, ukimwona mnyoo tibu, usipomwona mlishe nyasi.

Na watoto wa nyumbani?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, mama amenivuta pembeni: "Mwalimu, mwanangu anajikuna usiku, si hawa sungura?" Si wao. Passalurus hamwingii binadamu. Nasi tunao mnyoo wetu mdogo mweupe wa kuwasha, anapita mtoto kwa mtoto kwa mikono na mashuka, na sungura hahusiki. Mtoto apelekwe kituo cha afya. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika banda, hilo halina mjadala, na champali za bandani zisiingie ndani. Kuna bwana mmoja alitaka kuchukua choo cha sungura akipeleke Wawi, kwenye Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, kwa kuwa amesikia wanachunguza minyoo tangu mwaka 2000. Ni kweli wanachunguza, ila ni ya watu.

Kama sungura wako huwa analiwa, mwambie daktari kabla hajaandika dawa, akupe siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Ukienda ofisi ya mifugo, chukua choo cha asubuhi hiyo, gololi kumi hivi, kwenye kijichupa safi chenye kifuniko, usikiache kwenye pikipiki juani. Kama kuna minyoo, watie kwenye chupa ya pili na maji kidogo yenye chumvi. Andika kwenye karatasi uzito wa sungura, umri wake, anakula nini, wangapi wanaumwa na wangapi wamekufa, na kila dawa uliyokwishampa, hata ile unayoona aibu kuitaja. Sungura mwenyewe mpeleke kwenye kikapu chenye majani, afunikwe kitambaa chepesi, uondoke mapema kabla jua halijapanda.